Harage Jeupe Ndani ya Kibuyu

Kuna swali moja ambalo ningekuwa na uwezo ningelipiga marufuku katika madarasa yote ya nchi hii. Swali lenyewe ni "Mmeelewa?" Nyie vijana mnaoanza ualimu mnalipenda kweli. Mimi nakaa barazani kwangu hapa Kasulu, shule iko ng'ambo ya barabara, nalisikia likitoka madirishani kutwa nzima, na jibu lake nalisikia vilevile: "Ndiyo mwaaalimu!" Aliyeelewa anaitikia, asiyeelewa anaitikia, na aliyekuwa amesinzia ndiye anayeitikia kwa nguvu kuliko wote.

Msidhani nawacheka. Na mimi niliuliza hivyohivyo, tena kwa sauti kubwa kuliko yenu. Lakini nina jambo baya zaidi ya hilo, nimelibeba miaka mingi, na nimebakiza meno machache na siku sijui ngapi. Leo nalitua mbele yenu.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya sabini, kijana wa Heru Juu mwenye suruali mbili na cheti kimoja. Nikapangiwa shule moja wilayani Kibondo, mbele ya Busunzu, vilimani, mahali ambapo asubuhi ukungu unaingia darasani kabla ya watoto. Ilikuwa na darasa la kwanza hadi la nne, basi. Darasa la tano lilikuwa shule nyingine ya mbali, nafasi zake chache, na mtihani wa darasa la nne ndio uliokuwa mlango. Aliyepita aliendelea. Aliyeshindwa alirudi nyumbani kushika jembe, na habari ya shule kwake ikawa imekwisha. Mkumbuke hilo, maana yote nitakayosema yanaelekea kwenye mlango huo.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa Mwalimu Laurenti, mtu wa Bukoba, mrefu, mwembamba, anayejua kila kitu na asiyeficha kwamba anajua. Wiki yangu ya kwanza akaja kukaa nyuma ya darasa langu, darasa la nne. Siku hiyo nafundisha nusu na robo. Nikachora mikate ubaoni, nikaikata kwa chaki, nikauliza mmeelewa, wakaitikia mpaka bati likatetemeka. Kipindi kilipokwisha akanifuata nje.

"Bwana mdogo, wewe si Muha wa hukuhuku?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwenu mtoto anaweza kumwambia mkubwa, 'sikukuelewa'?"

Nikacheka. Kwetu mtoto humsalimu mkubwa ameinama, macho chini, anapiga makofi polepole, "Mwakeye," basi, anasubiri. Kumwambia mkubwa hukumwelewa ni sawa na kumwambia hajui kusema.

"Sasa mbona unawauliza swali ambalo mama zao wamewafundisha kulijibu kwa njia moja tu?" akasema. "Halafu hiyo mikate. Nani kati yao amewahi kuona mkate?"

Nikanywea. Hata mimi mwenyewe mkate niliuonja mara ya kwanza chuoni.

Kesho yake akaja na vibuyu viwili na kikapu cha maharage. Akaviweka nyuma ya mlango wa darasa langu, pale ambapo mtu akisimama haonekani na wenzake wala na mwalimu. Saa nane, wakati wa kwenda nyumbani, kila mtoto alipewa maharage mawili, jekundu na jeupe. Anapita nyuma ya mlango peke yake. Kama somo la leo limemwingia, anatia jekundu katika kibuyu kikubwa. Kama halikumwingia, anatia jeupe. Linalobaki analitupia katika kibuyu kidogo, anakwenda zake. Hakuna jina, hakuna kuulizwa. Kinywa hakikusema kitu, kwa hiyo adabu haikuvunjwa.

Siku ya kwanza nilimwaga kibuyu kikubwa juu ya meza nikahesabu. Watoto arobaini na mmoja. Mekundu tisa. Jamani! Nilitaka kulia. Mwalimu Laurenti akayaangalia yale meupe akatabasamu, mbaya huyu.

"Usinune. Watoto wamekuandikia barua. Haya, ijibu."

Tangu hapo ndipo nikaanza kujifunza kazi, maana chuo kilinipa cheti tu. Mikate nikaifuta. Nikaleta viazi vitamu, tukavikata nusu na robo kwa kisu, kisha tukavila, na siku hiyo mekundu yakapanda. Vipimo tulivifanyia shambani kwa kamba yenye mafundo. Ile kamba ilinyeshewa, ikajikunja, tukapima tuta moja mara tatu tukapata majibu matatu, na darasa zima likabishana nami mpaka jasho likanitoka. Ndilo lililokuwa somo zuri kuliko yote niliyopata kufundisha, na sikulipanga. Jedwali la kuzidisha tuliliimba tukipalilia. Tulifungua duka la mawe, huyu muuzaji, yule mnunuzi, na kulikuwa na binti mmoja aliyewapunja wenzake vibaya sana mpaka nikamfukuza dukani.

Na vibuyu navyo vilikuwa na vituko. Msimu wa kupanda, maharage yalipungua kila siku bila maelezo, nikaja kuona yameota vizuri kwenye vishamba vya nyumbani kwa wanafunzi wangu. Mara nyingine paa lilivuja wakati wa likizo, tukarudi tukakuta kibuyu kinachipua. Mwalimu Laurenti akasema hayo ndiyo matokeo bora wilayani.

Sasa niwaambie habari za Yustina.

Alikuwa binti wa mzee mmoja aliyeitwa Zabroni, mkulima, mkali lakini si mbaya. Umri wake kama miaka kumi na miwili. Katika darasa la nne hakuna aliyemfikia. Ukiuliza hesabu ya kichwa, kabla hujafunga mdomo amekwisha jibu. Nyimbo za jedwali yeye ndiye aliyeanzisha. Shambani alishika kamba akahesabu mafundo kwa vidole, haraka, bila hata kuiangalia. Nikajisemea, huyu atapita, na akipita jina langu litatajwa. Ndiyo, nililifikiria jina langu. Nimeahidi kusema kweli.

Alikaa na mwenzake, Sabina, dawati la pili, wakinong'onezana daima. Niliwakemea kila siku. Kila asubuhi Yustina ndiye aliyeomba kufuta ubao. Alisogea mpaka pua inakaribia kugusa, akiufuta polepole, herufi moja moja, nami nikimsifu kwa bidii. Lakini mwandiko wake ulikuwa mbaya kuliko wa wote, mkubwa, uliopinda, unaopanda juu ya mistari. Daftari zilikuwa haba, anazimaliza upesi. Kwa hilo nilimchapa vidole kwa rula. Si mara moja.

Mtanisamehe.

Kufikia katikati ya mwaka kibuyu kilikuwa kimebadilika. Mekundu thelathini na tano, thelathini na nane, arobaini. Likabaki jeupe moja. Karibu kila siku, moja tu. Leo lipo, kesho halipo, keshokutwa limerudi. Mwanzoni nilicheka, baadaye likaanza kuniudhi, mwishowe likaninyima raha kabisa. Nani huyu? Nikaamua ni Bukuru, kijana wa dawati la mwisho, mzito wa kujibu, aliyekuwa akipiga miayo tangu asubuhi. Nikamzuia baada ya masomo wiki mbili nzima, nikamfundisha upya kila kitu kwa mawe, kwa kamba, kwa viazi.

"Mwalimu, mimi natia jekundu!" alilia siku moja.

"Usiniongopee!"

"Haki ya Mungu, jekundu!"

Sikumwamini. Mwalimu Laurenti aliponiona nafanya upelelezi huo akatikisa kichwa.

"Acha kumtafuta mtu. Andika. Kila siku andika ulifundisha nini, ulifundishaje, na kibuyu kilisemaje. Halafu soma ulichoandika."

Nikaandika, kwa utii. Nilikuwa na daftari la jalada la kijani, kila siku mstari mmoja. Kuandika niliandika. Kusoma sikusoma. Baada ya muda mfupi Mwalimu Laurenti akapewa uhamisho, akaondoka na sanduku lake la bati juu ya lori, na mimi nikaachiwa shule niikaimu. Nilijiona mtu mkubwa.

Ndipo ikaja habari kwamba mkaguzi anakuja, na kwamba amesikia juu ya vibuyu vyetu, anataka kuviona. Lo! Usingizi ukanipaa. Nikayafikiria maharage arobaini mekundu mezani, na lile jeupe moja katikati yao, na mkaguzi akiuliza, "Na hili?" Ningemjibu nini? Siku moja kabla ya ziara nikasimama mbele ya darasa.

"Kesho tuna mgeni mkubwa. Kibuyu kitamwagwa mbele yake. Sitaki kuona harage jeupe. Mmenisikia? Hata moja! Nimechoka nalo, na sitaki kuliona tena."

"Ndiyo mwaaalimu!"

Kesho yake mkaguzi akamwaga kibuyu mwenyewe. Mekundu arobaini na moja. Akanishika mkono, akaandika sifa katika kitabu cha wageni, akala kuku wetu, akaenda zake. Nilitembea kijijini siku ile kama bwana harusi. Na tangu siku hiyo, vijana, harage jeupe halikuonekana tena. Wiki, mwezi, mpaka mtihani. Nami nikamshukuru Mungu kwamba hatimaye Bukuru ameelewa.

Mtihani ulisimamiwa na walimu wa shule nyingine. Madawati yalitenganishwa, kila mtoto peke yake. Maswali yalikuja kwenye karatasi moja ya msimamizi, akayaandika yote ubaoni. Mimi nilikatazwa kusogea, nikashinda nyuma ya jiko la shule nikivunja vijiti. Walipotoka nikamkimbilia Yustina.

"Vipi?"

"Vizuri, mwalimu."

Matokeo yalipokuja walikuwa wamepita watano. Sabina alipita. Bukuru alipita, eti Bukuru! Yustina hakuwemo. Nilisoma karatasi ile mara tatu, nikaigeuza nyuma nikidhani jina limeandikwa huko. Kisha hasira zikanipanda. Alikuwa amesimama palepale na wenzake na baadhi ya wazazi, akisubiri. Nikamwambia mbele yao wote:

"Umenitia aibu. Mwaka mzima nimekulea kama yai, na wewe umekwenda kuchezea mtihani. Umenitia aibu!"

Akainama. Akapiga makofi polepole, yale ya adabu.

"Nisamehe, mwalimu."

Baba yake akamshika mkono wakaondoka. Wakati ule nilidhani anamshika kwa hasira. Alikuwa anamwongoza njia.

Likizo ikaingia. Jioni moja Sabina akaja kwangu, kisingizio ni kuniaga kabla ya kwenda shule yake mpya. Alisimama mlangoni muda mrefu akichezea ncha ya khanga.

"Mwalimu, usimkasirikie Yustina."

"Kwa nini nisimkasirikie?"

"Haoni. Ubao alikuwa haoni kabisa. Mimi ndiye nilikuwa namsomea. Alinikataza kusema, maana baba yake alisema macho yakiharibika na shule imekwisha, atabaki kulea wadogo zake."

Nilimpa mkono, akaenda. Kisha nikalitoa lile daftari la kijani, nikakaa sakafuni, nikafanya nilichoambiwa na Mwalimu Laurenti na sikukifanya. Nikalisoma. Viazi, hakuna jeupe. Ubaoni, jeupe moja. Kamba shambani, hakuna. Ubaoni, moja. Duka la mawe, hakuna. Ubaoni, ubaoni, ubaoni, moja, moja, moja. Lilikuwa limeandikwa kwa mkono wangu, kwa wino wangu, tangu katikati ya mwaka. Nilikuwa na hakika kwamba nahesabu kila siku kumbe sikujiuliza hata siku moja lile harage lilikuwa linauliza nini. Nililia, nami si mtu wa kulia.

Alfajiri nilikuwa kwa Mzee Zabroni. Nilisalimu nikiwa nimeinama kama mtoto. Sikujitetea. Nilimwomba aniruhusu nimpeleke binti yake hospitali ya misheni upande wa Kasulu. Akanitazama sana.

"Mwalimu, sasa? Shule si imekwisha?"

"Si kwa ajili ya shule, mzee."

Akakubali, mama yake Yustina aende pamoja nasi. Kibondo mjini tulipata msaada wa Mzee Salumu, mwenye duka, mtu ambaye babu yake alitoka Bagamoyo. Lori lake lilikuwa linakwenda kufuata chumvi Uvinza. Nilipomweleza hakutaka hata kusikia habari ya nauli. "Macho ya mtoto, mwalimu? Pandeni, pandeni, mnanichelewesha!" Njia nzima Yustina alikaa kati yetu juu ya magunia matupu. Akisikia maji alisema, hapa pana mto. Akisikia moshi alisema, hapa wanachoma mkaa. Alifurahi. Hakuwahi kupanda gari.

Daktari alimwangalia muda mrefu kwa taa yake ndogo. Akampa dawa ya kupunguza maumivu, kisha akaniita pembeni. Alisema ule ni ugonjwa unaokuja polepole, na makovu yamekwisha kaa. Akaniuliza ulianza lini. Nikasema, nadhani katikati ya mwaka jana, au kabla.

"Kwa nini hakuletwa wakati ule?" akauliza. "Wakati ule ningekuwa na la kufanya."

Majuto ni mjukuu, husema watu. Mimi nimeishi mpaka nimeona na kitukuu chake.

Tulirudi na lori lilelile, chumvi imejaa. Kutoka Kibondo tuliendelea kwa miguu. Yustina nilimkalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yangu, nikaisukuma, mama yake ametutangulia mbele na mzigo kichwani. Jua lilikuwa kali, vumbi jekundu. Tulikwenda hivyo muda mrefu, mpaka akaniita.

"Mwalimu."

"Naam, mwanangu."

"Nikuulize? Hutakasirika?"

"Sikasiriki tena. Uliza."

"Lile harage jeupe. Lilikuwa langu. Nilikuwa nakwambia kila siku. Sikujua njia nyingine ya kukwambia." Akajishikilia vizuri kwenye kiti. "Mekundu yalikuwa mengi sana. Nilidhani linapotea humo ndani, hulioni. Ulikuwa unaliona?"

Alikuwa amenigeuzia uso. Macho yale yalikuwa yananitazama pembeni kidogo ya pale nilipokuwa. Mama yake alikuwa mbali. Hakukuwa na mtu mwingine wa kusikia barabara nzima.

Mkumbuke, niliwaambia watoto mbele yake: nimechoka nalo, sitaki kuliona tena. Alikuwepo, dawati la pili. Lakini alikuwa ametafuta njia ya kunitetea, alidhani nilisema vile kwa kubahatisha tu, bila kuwahi kuliona, au aliamua kudhani hivyo. Mtoto wa miaka kumi na miwili.

"Hapana, mwanangu," nikamjibu. "Sikuliona."

Akashusha pumzi. Akaupapasa usukani mpaka akaupata mkono wangu, akaupiga kidogo, kama mtu mzima anavyomfariji mwenzake.

"Basi si kosa lako, mwalimu. Lilikuwa moja tu."

Nikaendelea kusukuma baiskeli. Yustina aliishi, akaolewa, akajulikana kwa kusuka mikeka, na kila nilipopita kijiji kile alinijua kwa hatua zangu, akapiga makofi yake akanisalimia kwa heshima. Sikumwambia. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kumwambia, naye amekwenda na neno langu kaburini, hana kinyongo.

Nyie leo mna karatasi za kutosha, mna mitihani ya kila wiki, mna majedwali ya kujaza. Jazeni. Lakini naomba mtu mmoja kati yenu, akienda kuhesabu kesho, anikumbuke mimi. Nililiona, jamani. Lilikuwa moja, jeupe, juu ya meza yangu, kila siku saa nane. Nililiona.